Kufunga Dashibodi na Geji Mpya Kwenye Gari la Michezo la Zamani

Anayeamua kubadilisha dashibodi ya gari la michezo la zamani kwa kawaida huanza na ubao: huwaza ni mbao gani, rangi gani, na geji zipangweje. Mimi ninashauri aanzie nyuma ya ubao na chini ya boneti, kwa sababu geji ni nusu tu ya chombo cha kupimia. Nusu ya pili ni sensa iliyofungwa kwenye tangi, kwenye injini au kwenye giaboksi, na nusu hizo mbili zisipopatana, mshale utadanganya hata ukizungukwa na mbao za thamani kiasi gani. Dashibodi yangu ya kwanza niliikata na kuipaka vanishi kwa majuma kadhaa, nikaridhika nayo, kisha gari likanizimikia njiani tangi likiwa kavu huku mshale wa mafuta ukiwa umelala upande wa kujaa. Geji ilikuwa nzima na sensa ilikuwa nzima, ila havikutengenezwa kufanya kazi pamoja.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, andika kilomita zinazosomeka kwenye spidomita na upige picha yake, kwa kuwa spidomita mpya itaanza na hesabu nyingine na katika nchi nyingi ni kosa kumficha mnunuzi umbali halisi wa gari. Ondoa waya wa ardhi wa betri, yaani ule unaoiunganisha na bodi ya gari. Kisha piga picha nyuma ya dashibodi kutoka kila upande, na kila waya unaouchomoa uufunge kikaratasi chenye jina la kazi yake, si jina la rangi yake, kwa maana rangi za waya wa miaka hamsini hufifia zote zikafanana. Kagua pia ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye bodi ya gari. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yalitumia ncha chanya kuwa ardhi, na MGB, kwa mfano, ilibadilishwa kuwa ncha hasi mwishoni mwa mwaka 1967. Geji za elektroniki za leo zinatarajia ardhi hasi, na ukizifunga kinyume unaweza kuziunguza mara ya kwanza unapowasha swichi. Ikiwa gari lako lina mfuko wa hewa ndani ya dashibodi upande wa abiria, usiikate dashibodi hiyo kabisa. Jitosheleze na kubadilisha kundi la geji lililo mbele ya dereva.

Sasa tuje kwenye sensa, na hapa ninaomba uvumilivu wa msomaji. Geji ya mafuta ya umeme husoma ukinzani unaotoka kwenye sensa ya ndani ya tangi, na watengenezaji hawakukubaliana juu ya kipimo kimoja. Sensa za mtengenezaji VDO zilizoenea katika magari ya Ulaya hutoa karibu omu 10 (omu ni kizio cha ukinzani) tangi likiwa tupu na karibu 180 likiwa limejaa. Magari mengi ya General Motors huanzia karibu 0 yakiwa matupu hadi 90 yakiwa yamejaa, ilhali Ford za zamani za Marekani huenda kinyume, kutoka karibu 73 hadi 10. Geji nyingi zinazouzwa kama za matumizi ya jumla hutarajia 240 kwa tangi tupu na 33 kwa tangi lililojaa. Ukiunganisha geji ya aina hii ya mwisho na sensa ya VDO, tangi likikauka sensa itatoa omu 10, na geji itaona namba iliyo chini ya 33 na kukuambia kwamba limejaa. Ndicho kilichonipata mimi.

Kwa hiyo usinunue geji kabla ya kupima. Chomoa waya wa sensa, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye omu, na upime kati ya ncha ya sensa na ardhi yake wakati tangi likiwa karibu tupu, kisha upime tena baada ya kulijaza. Ikiwa sensa imetolewa tayari, inua boya lake taratibu kwa mkono kutoka chini hadi juu; namba zinapaswa kupanda au kushuka bila kurukaruka, na zikikatika mahali fulani sensa imechakaa. Namba mbili za mwisho ndizo utakazozitafuta kwenye geji. Njia nyingine ni kununua geji na sensa kutoka kwa mtengenezaji mmoja, na kwa joto la maji na shinikizo la oili mimi huona hii ndiyo njia ya busara, kwa sababu sensa hizo ni ndogo na ni rahisi kuzibadilisha kuliko ile ya tangi.

Tahadhari ya sensa hizi ndogo ni nyuzi zake za kukazia, kama zile za skrubu. Tundu la shinikizo la oili linaweza kuwa na nyuzi za NPT (kipimo cha Marekani), za BSP (cha Uingereza) au za milimita, kama M10x1. Sensa ya 1/8 NPT ina nyuzi 27 kwa inchi na ya 1/8 BSP ina 28, na kipenyo chake kinakaribiana sana hata moja huingia kwenye tundu la nyingine kwa mizunguko michache kabla ya kukaza. Fundi asiye na subira huongeza nguvu, na bloku ya injini ndiyo inayopasuka. Tumia kiunganishi sahihi cha kubadilisha nyuzi, na kama sensa ni nzito, ifunge kwenye bodi na uipelekee oili kwa bomba linalopinda, maana mtikisiko wa injini huvunja shingo ya shaba. Sensa nyingi hupata ardhi kupitia nyuzi zake zenyewe, kwa hiyo usizizungushie utepe mwingi wa kuziba.

Takomita, yaani geji ya kasi ya mizunguko ya injini, inahitaji kujua idadi ya silinda. Injini ya mipigo minne yenye silinda 4 hutoa mishtuko miwili ya cheche kwa kila mzunguko, ya silinda 6 mitatu, na ya silinda 8 minne. Geji nyingi zina swichi ndogo nyuma ya kuchagulia, na waya wake wa ishara huunganishwa kwenye ncha hasi ya koili ya cheche. Kwa spidomita kuna chaguo la kubaki na kebo, kutumia sensa inayohesabu mizunguko ya shafti, au kutumia GPS. Mimi hupendelea sensa ya shafti, kwani GPS hupoteza mawimbi ndani ya mahandaki na huchelewa kidogo wakati wa kuondoka. Ukibaki na kebo, hakikisha kwamba mahali pipya pa spidomita hapailazimishi kujipinda kwa kona kali, la sivyo mshale utatetemeka.

Baada ya hayo yote ndipo ufike kwenye ubao. Kata kiolezo cha kadibodi kinacholingana na nafasi ya dashibodi, chora duara za geji kwa ukubwa wake halisi (52 mm kwa geji ndogo zilizo za kawaida, 80 hadi 100 mm kwa zile kubwa mbili), kibandike mahali pake, kisha ukae kwenye kiti chako ukiwa umeshika usukani. Utashangaa ni geji ngapi zinazofichwa na ukingo wa usukani au na mkono wako. Takomita na shinikizo la oili viwe mahali ambapo jicho linavifikia bila kichwa kugeuka. Porsche 911 imeweka takomita katikati kwa miongo mingi kwa sababu hiyo hiyo, kwamba dereva wa gari la michezo husikiliza injini kwanza. Geji ndogo unaweza kuzizungusha ndani ya matundu yake ili mishale yote ielekee juu injini ikiwa katika hali nzuri, kama yalivyofanywa magari ya mashindano, na mshale mmoja unaokwenda upande huonekana papo hapo. Acha kadibodi hiyo kwa siku kadhaa na uendeshe nayo ukiwa umerudisha spidomita ya zamani kwa muda.

Kukata ubao wenyewe ni kazi fupi. Alumini ya 2 hadi 3 mm au plaiwudi nzuri ya 6 hadi 9 mm inatosha. Tumia msumeno wa kukatia matundu uliowekwa kwenye keekee, ukate tundu dogo kidogo kuliko geji, na umalizie kwa tupa na msasa. Uso wa dashibodi usimeremete, kwa kuwa mng'ao wake huakisiwa kwenye kioo cha mbele usiku. Pima pia kina kilicho nyuma, kwani mabomba ya hita na mota ya waipa hukaa hapo hapo.

Katika nyaya, jambo la kwanza ni ardhi. Zilete ardhi zote za geji kwenye waya mmoja mnene unaokwenda kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikaonekana. Dashibodi ya mbao haipitishi umeme, na hata ile ya alumini isitegemewe. Dalili ya ardhi mbaya ni rahisi kuitambua: washa taa kubwa, na mshale wa joto ukisogea bila injini kubadilika, tatizo ni ardhi. Umeme wa geji utoke kwenye swichi kupitia fyuzi yake ya ampea 3 hadi 5. Magari mengi ya Uingereza yana kidhibiti cha volti 10 kilichokuwa kikilisha geji za zamani kwa kuwasha na kuzima umeme haraka. Usiziunganishe geji za elektroniki nacho, na ukibakiza geji hata moja ya zamani, iachie kidhibiti hicho peke yake.

Mambo mawili ya mfumo wa kuchaji huwasumbua wengi. La kwanza ni geji ya ampea ya zamani, ambayo umeme karibu wote wa gari hupita ndani yake. Ukiiondoa, nyaya zake mbili nene lazima ziunganishwe kwa uthabiti na kufunikwa vizuri, na badala yake uweke geji ya volti, inayopaswa kuonyesha karibu 12.6 betri ikiwa imejaa na injini imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.4 inapochaji. La pili ni taa ya onyo ya kuchaji. Katika alternata (jenereta inayochaji betri) nyingi za zamani balbu hiyo ndiyo inayopeleka umeme wa kuiamsha alternata, na balbu ya kawaida ya wati 2.2 hupitisha karibu ampea 0.18. Ukiweka LED pekee, umeme unaopita ni mdogo mno na alternata inaweza isichaji mpaka injini izungushwe sana, au isichaji kabisa. Funga rezista ya omu 60 hadi 70 yenye uwezo wa wati 5 sambamba na LED hiyo, au ubaki na balbu ya zamani.

Kabla ya kukaza ubao kwa mara ya mwisho, thibitisha kila mshale. Sensa ya joto itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemshwa pamoja na kipimajoto, mwili wake ukiwa umeunganishwa na ardhi, ulinganishe namba maji yakipanda joto. Geji ya volti ilinganishe na multimita kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, tafuta kiungo kilicholegea. Tangi lijaze lita 5 kwa 5 kutoka tupu, ukiandika mshale unaposimama kila mara, na karatasi hiyo uihifadhi ndani ya gari. Lililo langu lina karatasi hiyo hadi leo, na inaonyesha kwamba mshale ukigusa robo zimebaki lita 9.