Jinsi ya Kuchagua Upana wa Nota kwa Sintesaiza ya Pedali za Besi

Mpiga kinanda wa kwaya au wa bendi ndogo mjini Kigoma, ambaye hana mpiga gitaa la besi pembeni yake, hupata nafuu kubwa akiwa na pedali za besi, yaani vibao vya kukanyaga vinavyopiga nota za chini, kwa kuwa mguu ndio unaoshika besi na mkono wa kushoto unabaki huru kujaza kordi. Anapotaka kununua hukutana kwanza na idadi: pedali 13, 17, 18, 20, 25 au 32. Idadi hiyo peke yake haitoshi kumwongoza. Kinachofaa kuhesabiwa ni pedali zitakazotumika katika nyimbo zake, na miongoni mwa hizo, zile ambazo spika zake zinaweza kuzitoa zikasikika kama nota na si kama mtetemo tu.

Karibu seti zote huanzia nota ya C, na idadi hujumlisha pedali nyeusi. Pedali 13 ni oktavu moja, C hadi C ya juu yake, kama ilivyokuwa Moog Taurus ya kwanza ya miaka ya 1970. Taurus II iliongezwa hadi 18, ikaishia F. Studiologic MP-117 yenye pedali 17 huishia E, Roland PK-9 yenye pedali 20 huishia G, na Hammond B-3 ina pedali 25, yaani oktavu mbili kamili. Pedali 32 ni kipimo cha ogani kubwa za makanisa, nazo huhitaji mtu aliyejifunza kutumia miguu yote miwili, kisigino na vidole.

Kabla ya kuulizia bei, chukua karatasi za sol-fa za nyimbo mnazoimba mara nyingi, usome mstari wa besi peke yake. Andika ufunguo wa kila wimbo, nota ya chini kabisa na nota ya juu kabisa. Utaona kwamba besi nyingi za kwaya huzunguka kati ya so ya chini, do, na so ya juu yake, mara chache zikifika do ya juu. Sasa upime umbali huo juu ya pedali. Wimbo ulioandikwa do ni F hukaa vizuri hata kwenye pedali 13, kwa sababu so ya chini ni C ya kwanza, do ni F, na so ya juu ni C ya mwisho. Do ikiwa G, so ya chini ni D, lakini ukipanda unaishia fa, na so ya juu haipo. Do ikiwa B bapa (pedali nyeusi iliyo chini kidogo ya B) ni vigumu zaidi: ukitoka do kupanda unaipata re tu, na mi inabidi uirudishe oktavu ya chini, hivyo mstari uliotungwa kupanda unaporomoka katikati. Kwa wimbo wenye nota ndefu kuporomoka huko hakuna madhara makubwa, ila katika wimbo ambao besi hutembea hatua kwa hatua na kuitikiana na soprano, waimbaji wa besi wenyewe watayumba.

Pedali 20 hutibu sehemu kubwa ya tatizo hilo. Katika F na G unapata so ya chini hadi do ya juu bila kukatika; katika B bapa unafika so ya juu; na katika C, ukiichukua C ya pili kuwa do, una so chini yake na so juu yake. Hata mpigaji anayepiga kila kitu katika C na kutumia kitufe cha kuhamisha ufunguo, kama wafanyavyo wengi waliojifunza wenyewe, atafaidika na mpangilio huo. Ahakikishe tu kwamba kinanda chake kinahamisha pia nota zinazoingia kutoka kwenye pedali, la sivyo mguu utakuwa katika ufunguo mmoja na mikono katika mwingine.

Upande wa chini ndiko watu wengi hupoteza fedha. Nyuzi nne za gitaa la besi huanzia E yenye takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Ukiiweka C ya kwanza ya pedali kwenye hezi 33 hivi, pedali nne za mwanzo, yaani C, C kali, D na E bapa, ziko chini ya gitaa la besi. Spika nyingi za inchi 15 tunazokodi kwa harusi na mikutano ya injili huanza kudhoofika chini ya hezi 50 hivi, na katika ukumbi wa bati nota hizo hutikisa paa kabla hazijamfikia msikilizaji. Hata ukizihesabu kuwa zinasikika zote zinazoanzia E, seti ya pedali 13 imebaki na 9, ya 20 ina 16, na ya 25 ina 21. Ukiipandisha seti ya pedali 13 oktavu moja, C ya kwanza ikawa hezi 65, pedali zote 13 zitasikika, ingawa utakosa uzito ulio chini ya sauti za waimbaji.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji pedali. Unganisha kinanda ulicho nacho na spika mnazotumia siku zote, chagua sauti ya besi, kisha mwenzako ashuke nota moja moja huku wewe umesimama mlangoni, mwisho wa ukumbi. Nota ya mwisho ambayo unaweza kuiimba baada ya kuisikia ndiyo mpaka wenu wa chini. Rudia jaribio kwa sauti nyingine, kwa sababu sauti yenye wimbi la msumeno ina nota nyingi za juu ndani yake, na sikio huitambua nota ya chini kwa kupitia hizo hata pale spika inaposhindwa kuitoa yenyewe. Sauti laini iliyo karibu na wimbi tupu, lisilo na nota hizo za juu, hupotea mapema zaidi.

Kwa bendi zinazopiga rumba, ambayo huku kwetu imechota mengi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vigezo hubadilika. Besi ya sebene, yaani sehemu ya haraka ya kucheza inayoongozwa na gitaa, hurukaruka upesi kuliko mguu unavyoweza kufuata, na pedali nyingi hazitaleta kasi hiyo. Mguu ushike nota ya msingi na ya tano yake, kazi ambayo pedali 13 huifanya vizuri. Mwendo wa haraka uachiwe mkono wa kushoto.

Kwa hiyo ningemshauri mpigaji wa kwaya anayesoma sol-fa anunue 20 akiweza, na 17 au 18 akikosa. Pedali 13 zinamfaa wa bendi, au kwaya inayosafiri mara kwa mara kwa basi kwenda Kasulu au kwa treni kwenda Tabora, ambako kila mzigo hubebwa na wanakwaya wenyewe. Pedali 25 ninazipendekeza kwa kanisa lenye mahali pa kudumu pa kinanda na mpigaji aliye tayari kuufundisha mguu wa kulia nao.

Unapoziunganisha, usitegemee majina ya oktavu, maana C ya kati huitwa C3 kwenye vinanda vya Yamaha na C4 kwenye vya Roland. Tumia namba za MIDI, yaani mfumo unaounganisha pedali na kinanda na kuipa kila nota namba yake: C ya kati ni 60, C ya hezi 65 ni 36, na ile ya hezi 33 ni 24. Baadhi ya sauti za besi hushushwa oktavu moja ndani ya kinanda chenyewe, kwa hiyo baada ya kuweka 36 kanyaga pedali ya kwanza ukiilinganisha na nota ya gitaa la besi au ya mwimbaji wa besi, kisha uamue kama utaiacha hapo au utaisogeza kwa oktavu.