Namna ya kuchoma udi na ubani nyumbani: moto, nguo na ibada

Mwongozo huu nimewaandikia wale ambao wameshanunua chetezo, yaani chombo cha kufukizia, na ubani wao, wakauweka juu ya makaa, na nyumba ikajaa moshi unaowasha macho badala ya harufu. Kazi yangu hapa Mombasa ni kupika na kuuza udi, na mara nyingi huitwa kwenda kumfukiza bibi harusi au nyumba yenye shughuli. Takriban kila lalamiko ninaloletewa kuhusu udi, kosa huwa liko kwenye moto.

Hatua ya kwanza: kujua unachoma nini

Ubani ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia, ambayo humea Dhofar nchini Oman na katika nchi ya Wasomali. Mkusanyaji huchanja gome, utomvu ukatoka kama maziwa, kisha ukaganda juani kabla ya kubanduliwa. Umaarufu wa Dhofar kwa zao hili ni wa kale, na mwaka 2000 UNESCO iliziingiza sehemu za nchi hiyo ya ubani katika Urithi wa Dunia. Chagua vipande vinavyopitisha mwanga, visivyo na mchanga wala maganda mengi.

Udi ni mbao ya mti wa Aquilaria, unaopatikana Asia, kuanzia Assam nchini India hadi Kambodia na Indonesia. Mti wenye afya hauna harufu ya maana. Harufu huja pale mti unapojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, nao ukajikinga kwa utomvu mweusi unaozama ndani ya mbao. Kwa kuwa si kila mti hupatwa na hali hiyo, na kwa kuwa biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, udi halisi hauwezi kuwa rahisi. Anayekuuzia mfuko mzima kwa bei ya sabuni amekuuzia mbao iliyochovywa mafuta ya manukato, na ni haki yako kulijua hilo kabla ya kulipa.

Kati ya hivyo viwili kuna udi wa kupika, ambao ndio unaotumika zaidi majumbani. Hupikwa kwa sukari iliyoyeyushwa na marashi ya mawaridi mpaka ikawa nzito, kisha hutiwa vipande au unga wa udi, sandali, miski na mafuta ya manukato, ukakorogwa na kuachwa ukauke. Sukari ndiyo inayoshikilia harufu, na sukari hiyo hiyo ndiyo inayoungua upesi, jambo linalotupeleka kwenye moto.

Hatua ya pili: kuandaa chetezo na makaa

Tia mchanga mkavu au majivu chini ya chetezo, kiasi cha unene wa vidole viwili, ili joto lisipasue udongo wala kuunguza meza. Makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri kwa sababu hukaa na joto kwa muda mrefu bila kutoa moshi wake mwenyewe. Ukitumia makaa ya duara ya dukani, yale yanayorusha cheche mara tu yanapowashwa, yawashie nje na usiyatie kitu mpaka cheche ziishe na harufu ya dawa yake itoweke.

Sasa subiri. Kaa jekundu halichomi udi vizuri, linauteketeza. Liache mpaka livae majivu meupe pande zote, kisha lisogezee kiganja kwa juu: joto liwe la kuvumilika kwa kitambo. Ikiwa bado ni kali, lifunike kwa majivu kidogo. Hatua hii watu huiharakisha, nami nasisitiza kwamba hapa ndipo harufu inapopatikana au kupotea.

Hatua ya tatu: kuweka udi au ubani

Anza na kipande kidogo, kisichozidi punje ya mahindi, na ukiweke pembeni mwa kaa. Moshi mwembamba wa rangi ya samawati ni dalili njema. Ukiona moshi mzito wa kijivu, au ukisikia harufu ya sukari iliyoungua, kiondoe kwa koleo na usubiri. Ubani ukishayeyuka na kuwa mweusi, utoe kabla hujaongeza mwingine, kwa kuwa mabaki yake ndiyo yanayokohoza.

Hatua ya nne: kufukiza nguo na nywele

Nguo hushika harufu vizuri zaidi ikiwa na unyevu kidogo. Pindua tenga la matundu mapana juu ya chetezo, tandaza kanga au kanzu juu yake, na uhakikishe kuna zaidi ya shibiri moja kati ya kitambaa na kaa. Geuza kila baada ya dakika chache. Vitambaa vya nailoni na polista usivifukize namna hii kwa kuwa huyeyuka. Wakati wa masika, kabati linapoanza kunuka ukungu, zianike nguo kwanza. Udi haukaushi nguo. Nywele zifukizwe zikiwa zimekaushwa kwa taulo, chetezo kikishikwa na mtu mwingine.

Hatua ya tano: katika ibada na shughuli

Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, sahaba Ibn Umar alikuwa akijifukiza udi usiochanganywa na kitu, na wakati mwingine akitia kafuri juu yake, na akasema kuwa ndivyo alivyojifukiza Mtume. Msingi wake, basi, ni usafi na kuwaheshimu malaika na watu. Kwetu ubani huchomwa katika kisomo na hitma, na katika maulidi chetezo hupitishwa safuni huku watu wakinyunyiziwa marashi. Sanda nayo hufukizwa kabla ya maiti kuvishwa, na imependekezwa iwe kwa idadi ya witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Mjane aliye katika eda hajifukizi, na mwanamke anayekwenda msikitini ajiepushe na udi.

Wakristo wa madhehebu ya kale, Wakatoliki miongoni mwao, hufukiza altare na Injili kwa uvumba, na Zaburi ya 141 imefananisha sala na moshi wake. Mimi naamini kwamba moshi haubebi dua wala haufukuzi ubaya kwa nguvu zake. Unautuliza moyo na kuwakumbusha waliohudhuria kwamba kikao hiki ni cha heshima. Kwa hiyo chetezo kiwashwe kabla ya kisomo, kisije kikawashughulisha watu katikati ya dua.

Hatua ya sita: usalama na kuzima

Acha dirisha moja wazi muda wote. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na manukato hayaiondoi, kwa hiyo kamwe usilale na chetezo chenye moto chumbani. Mwenye pumu, mtoto mchanga na mjamzito wasikae ndani wakati wa kufukiza. Waingie baada ya moshi kutoka, kwani harufu itakuwa imebaki kwenye mapazia. Ukimaliza, zika kaa ndani ya mchanga, usimwagie maji chetezo cha udongo kikiwa cha moto, na majivu yakae hadi kesho yake kabla ya kutupwa. Udi uliobaki uhifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, mbali na jua, na ubani uwe na chombo chake peke yake.