Ukaguzi wa gari la haibridi au la umeme unaoweza kuufanya mwenyewe nyumbani

Magari mengi ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, tunayoyaona Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi yalitumika kwanza Japani kabla ya kuuzwa huku: Toyota Prius, Toyota Aqua, Honda Fit, na kwa wale walioamua kuachana kabisa na petroli, Nissan Leaf. Gereji huletewa magari haya mara kwa mara kwa madai kwamba betri kuu, ile inayoiendesha mota, imekufa, ilhali kilichotokea ni kwamba njia ya hewa imeziba, betri ndogo ya volti 12 imechoka au kulanti (maji ya kupozea) imepungua. Mambo hayo matatu mwenye gari anaweza kuyachunguza bila kushika spana. Utahitaji tochi, multimita ya kawaida (kifaa cha kupimia volti), mashine ya kunyonya vumbi na kitambaa kikavu.

Hatua ya 1: Hakikisha gari limezimika

Gari la haibridi linaweza kuwa limewashwa huku likiwa kimya kabisa, na injini ikaamka yenyewe wakati mkono wako uko karibu na mikanda na feni. Kwa hiyo egesha mahali tambarare, weka P, vuta breki ya mkono, bonyeza kitufe cha kuzima na utazame dashibodi mpaka neno READY, linaloonyesha kwamba gari limewaka, litoweke. Kisha peleka funguo ndani ya nyumba, kwa sababu funguo za kisasa zikiwa mfukoni mwako gari linaweza kuwashwa na mtoto anayechezea kitufe.

Nyaya zote zenye ganda la rangi ya chungwa ni mpaka ambao hutauvuka. Betri kuu ya Prius ya kizazi cha tatu ina takriban volti 200, na inveta yake, kifaa kinachougeuza umeme wa betri ili uendeshe mota, huweza kuzipandisha hadi 650. Betri ya Leaf ina takriban volti 360. Hata baada ya kuzima gari, umeme hubaki kwa muda ndani ya inveta. Usifungue kifuniko chochote kilichounganishwa na nyaya hizo, wala usiguse plagi ya usalama ya betri kuu.

Hatua ya 2: Safisha njia ya hewa ya betri kuu

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa zaidi na ndiyo yenye gharama kubwa ikipuuzwa. Betri kuu ya Prius na ya Aqua hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, pale pale mnapokaa. Katika Prius ya kizazi cha tatu tundu lake liko pembeni mwa kiti cha nyuma. Katika Aqua liko chini ya kiti hicho. Vumbi la barabara, nyuzi za mazulia na manyoya ya paka huvutwa humo, na mizigo inayorundikwa kwenye kiti huziba kabisa.

Mulika tundu kwa tochi. Kama kuna kichujio kidogo nyuma ya kifuniko, kitoe taratibu ukikung'ute nje. Nyonya vumbi kwa mashine, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa kompresa, kwa sababu utalisukuma vumbi hadi kwenye feni na katikati ya moduli za betri, na usitumie maji. Kwa anayeendesha barabara za vumbi, fanya hivi kila mwezi. Kwa anayekaa kwenye lami, kila miezi mitatu inatosha. Feni ikisikika ikivuma kwa nguvu hata baada ya usafi huo, huenda yenyewe imejaa uchafu, na kuifungua ni kazi ya fundi kwa sababu iko jirani na umeme mkubwa.

Kutokana na mpangilio huu, kiyoyozi cha abiria ndicho pia kinachoipoza betri. Dereva anayefunga vioo na kuzima kiyoyozi katika joto la Januari ili kuokoa mafuta anaipunguzia betri maisha. Vilevile, kwenye foleni usiweke N kwa muda mrefu, kwa kuwa betri kuu haichajiwi gari likiwa kwenye N. Baki kwenye D ukiwa umekanyaga breki, au weka P.

Hatua ya 3: Pima betri ndogo ya volti 12

Gari linaweza kuwa na betri kuu nzima na bado likakataa kuwaka, kwa sababu kompyuta zake huamshwa na betri hii ndogo. Katika Prius ya kizazi cha tatu iko kwenye buti upande wa kulia, katika Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, na katika Leaf iko chini ya boneti.

Pima kwenye ncha za betri asubuhi kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 au karibu na hapo ni nzuri. Chini ya 12.2 betri imebakiwa na nusu ya chaji au pungufu. Kisha washa gari mpaka READY na upime tena kwenye ncha zilezile: usomaji wa takriban volti 14 unaonyesha kwamba inachajiwa. Magari haya hayana oltaneta (jenereta inayozungushwa na injini), hivyo betri ndogo ya haibridi huchajiwa tu gari likiwa READY. Kusikiliza redio kwa saa nzima bila READY ni njia ya uhakika ya kuimaliza. Gari linalolala wiki nyingi liwashwe READY kwa nusu saa hadi saa moja kila baada ya wiki mbili, tena mahali pa wazi, kwa sababu injini itawaka na moshi wake ni sumu.

Usitumie gari la haibridi kubusti lori au gari la jirani.

Hatua ya 4: Tazama kulanti, oili na breki

Prius na Aqua zina matangi mawili ya kulanti, moja la injini na jingine la inveta. Watu wengi hukagua la kwanza tu. Tazama yote gari likiwa limepoa. Kiwango kiwe kati ya alama mbili zilizochorwa. Ongeza kulanti iliyoelekezwa na mtengenezaji, ambayo kwa Toyota ni ya waridi na huuzwa ikiwa tayari imechanganywa. Maji ya bomba huleta kutu na ukoko kwenye njia nyembamba za inveta. Kiwango kikiendelea kushuka, kuna mvujo.

Oili kagua kwa kijiti kama gari lolote, na zingatia namba iliyo kwenye kitabu, kwa kawaida 0W-20. Usiweke oili nzito kwa sababu tu ya joto. Leaf haina oili ya injini.

Pedi za breki hudumu muda mrefu kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, lakini diski hushika kutu, hasa ukanda wa pwani. Mulika kupitia matundu ya rimu. Kubadilisha pedi mwachie fundi mwenye mashine ya kuzima mfumo, kwani katika baadhi ya Prius kufungua mlango wa dereva tu kunatosha kuamsha pampu ya breki.

Hatua ya 5: Kwa wenye gari la umeme mtupu

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vipande 12 vya uwezo wa betri vilivyo pembeni ya vile vya chaji. Kikipotea cha kwanza, betri imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Betri hiyo haina mfumo wa kupozwa, hivyo usiliache gari juani likiwa limejaa chaji, na kama safari zako ni fupi, ishia asilimia 80.

Baada ya nusu saa ya kuchaji, gusa plagi na ukuta wa soketi kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa vina joto la kukufanya uondoe mkono, acha kuchaji na umwite fundi umeme wa nyumba. Usitumie waya wa kuongezea. Ukigonga tuta, chungulia sakafu ya chini kutafuta mbonyeo, na jeki iwekwe kwenye sehemu zake maalumu tu.

Hatua ya 6: Taa ikiwaka

Kifaa kidogo cha OBD2, kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na kuunganishwa na simu, kitakusomea namba ya hitilafu. P0A80 huashiria betri kuu, na P0A93 huashiria upozaji wa inveta. Piga picha namba hiyo kabla mtu yeyote hajachomoa betri ndogo, kwa sababu kuchomoa huifuta taa na kumbukumbu ya kosa kwa pamoja, na fundi atakayefuata ataanza kubahatisha.