Jinsi ya kuandika mfano wa modeli ya nafasi ya hali unaohakikika

Modeli ya nafasi ya hali hukadiria kitu kisichoonekana moja kwa moja, yaani “hali”, kutokana na vipimo vyenye makosa. Mfano wa kwanza kwenye nyaraka za programu yake uwe mdogo kiasi cha kuhakikiwa kwa kikokotoo. Data ya mtiririko wa kila mwaka wa Mto Naili kule Aswan, 1871 hadi 1970, inafaa sana: vipimo 100 na hali moja tu, kiwango kinachotangatanga. Weka variansi (kipimo cha mtawanyiko) ya kelele za vipimo, yaani makosa yake ya nasibu, H, iwe 15099, na ya mabadiliko ya kiwango, Q, iwe 1469.1.

Sasa onyesha hatua ya kwanza bila kuruka kitu. Kipimo cha 1871 ni 1120. Ukianza na makisio ya awali ya kiwango yenye wastani 0 na variansi 10,000,000, kadirio baada ya kipimo hicho ni 1118.3, kwa kuwa uzito wa kipimo hicho ni variansi ya awali ÷ jumla yake na H, yaani 10,000,000 ÷ 10,015,099. Ukianza bila taarifa yoyote ya awali, unapata 1120 kamili. Pengo hilo dogo ndilo linalowachosha watu wanaolinganisha programu mbili, na logi ya likelihudi (namba inayoonyesha jinsi modeli inavyoafikiana na data) nayo hutofautiana. Lieleze papo hapo chini ya mfano. Likiwekwa kwenye kiambatisho, halisomwi.

Taja pia wakati wa kila namba. Neno “hali” peke yake halitoshi: 1118.3 ni utabiri wa 1872 kabla ya kuona kipimo cha mwaka huo, 1160. Baada ya kukiona, kichujio, kinachotumia vipimo vya hadi mwaka huo tu, kinatoa 1140.1, na ulainishaji, unaotumia vipimo vyote 100, unatoa namba nyingine tena. Andika mlinganyo wa mpito, unaoonyesha hali inavyotoka wakati mmoja kwenda unaofuata, ukiwa na alama za wakati, kwani programu nyingine huhesabu kutoka t kwenda t+1, nyingine kutoka t−1 kwenda t.

Kisha mpe msomaji namba ya kujipimia. Baada ya miaka kadhaa uzito wa Kalman, yaani uzito ambao kichujio hukipa kila kipimo kipya, hutulia kwenye 0.267. Akipata 0.918, amebadilishana H na Q. Akipata 0.424, ameweka mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha variansi) mahali pa variansi, kosa linalotokea mno pale nyaraka zinaposema “sigma” bila kufafanua. Mistari miwili kama hiyo humwokoa mtu kuliko kurasa za nadharia.

Matriksi zitajwe ukubwa wake: Z, inayounganisha hali na vipimo, ni p×m; T, ya mpito, ni m×m; R, inayopeleka mabadiliko ya nasibu kwenye hali, ni m×r. Hapa p ni idadi ya vipimo kwa kila wakati, m ya hali, r ya mabadiliko hayo. Mwisho, mfano uendeshwe kiotomatiki kila toleo jipya la programu linapotoka, na matokeo yalinganishwe kwa ukingo wa makosa, si tarakimu kwa tarakimu. Kikokotozi cha uboreshaji, kinachotafuta H na Q pale zisipowekwa kwa mkono, kikibadilika kidogo, tarakimu za mwisho husogea.