Kupima mgandamizo wa msumeno wa zamani kwa kamba yake

Kabla ya kununua vipuri vya msumeno wa mnyororo wa zamani, zima swichi, hakikisha kamba ya kuwashia haijachakaa (msumeno mwingine ulinikosa mguu kidogo tu kamba ilipokatika), kisha uushike msumeno kwa kishikio cha kamba hiyo na uuache uning'inie karibu na ardhi. Mgandamizo (jinsi pistoni inavyobana hewa ndani ya silinda) ukiwa mzuri, msumeno utateremka kwa vituo, ukisita kila pistoni inapofika juu. Ukiteleza moja kwa moja hadi chini, hewa inavuja, mara nyingi kwenye ringi za pistoni zilizolika au silinda iliyochubuka.

Njia hii hudanganya ikiwa vali ya kupunguza mgandamizo imefunguka, au ikiwa silinda imelowa oili, kwa sababu oili huziba pengo la ringi kwa muda na kuifanya injini iliyochoka ionekane nzima. Muuzaji mjanja analijua hilo. Kwa hiyo toa buji (plagi ya cheche), vuta kamba mara kadhaa ili oili itoke, urudishe buji, ndipo upime tena.

Ukitumia geji ya mgandamizo, kumbuka kwamba hapa Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, hivyo injini ambayo pwani ingesoma paundi 150 kwa inchi ya mraba hapa itasoma 125 au 130 bila kuwa na ugonjwa wowote. Ukibaki na shaka, fungua bomba la moshi umulike ubavu wa pistoni: mikwaruzo ya wima huonekana kwa macho.