Nyasi, mchanga na miti ya modeli: namna ya kuvitunza visioze, visichanganyike na visipotee

Aliyewahi kutengeneza modeli ya jengo anajua kwamba jengo lenyewe halina shida sana, unakata fomubodi (ule ubao mwepesi wenye fomu katikati ya karatasi mbili), unagundisha, unasubiri, basi. Kinachotesa ni mazingira. Nyasi, udongo, kokoto za barabarani, miti, maua ya bustani, maji ya bwawa, yani vitu vidogo vidogo ambavyo kila kazi ikiisha vinabaki nusunusu, unavitupia kwenye boksi moja unasema ntavipanga wikiendi, na hiyo wikiendi haijawahi kufika. Mi niko Dar nafanya hizi kazi, nyingi za wanafunzi wa usanifu majengo na chache za watu wanaouza nyumba kabla hazijajengwa, na karakana yangu ni chumba kimoja chenye dirisha linalopigwa na jua la jioni. Haya ninayoandika karibu yote nimejifunza kwa kuharibu.

La kwanza na ndo kubwa kuliko yote, usipange vitu vyako kwa rangi. Kila mtu anaanza kwa rangi, kijani huku, kahawia kule, kwa macho inapendeza kweli, ila siku ya kazi inakutesa. Rangi unaibadilisha saa yoyote ukiwa na brashi na rangi ya maji. Ukubwa wa chembe ukishakosea umekosea. Kwa iyo panga kwa ukubwa, yani kwa skeli unazofanyia kazi (1:100 maana yake kitu cha kweli kimepunguzwa mara mia).

Piga hesabu kidogo hapa. Chembe ya mchanga ya milimita 1 ukiiweka kwenye modeli ya 1:100 inakuwa jiwe la sentimita 10, hiyo ni kokoto kubwa, inavumilika. Chembe hiyohiyo kwenye 1:500 ni jiwe la nusu mita, yani umemwagia mteja majabali ya Mwanza mbele ya geti lake. Nyasi za nailoni za dukani, zile za milimita 2, kwenye 1:100 ni nyasi za sentimita 20, uwanja ambao haujafyekwa muda, kwenye 1:200 zinakuwa sentimita 40 na hapo nyoka anajificha vizuri tu. Mnazi wa mita 20 unatakiwa uwe sentimita 20 kwenye 1:100, sentimita 10 kwenye 1:200, na sentimita 4 kwenye 1:500. Sasa ukiwa na kopo moja limeandikwa "miti" halafu humo ndani kuna minazi ya aina zote tatu utakaa unachambua usiku kucha wakati kazi inatakiwa asubuhi.

Mi nina rafu tatu. Ya chini ni 1:50 na 1:100, ya kati 1:200, ya juu 1:500 na kuendelea, maana vya huko ni vyepesi ata vikidondoka havivunji kitu. Ndani ya kila rafu ndo napanga kuanzia laini kwenda kubwa. Rangi inakuja mwisho kabisa. Kama we unafanya treni ndogo za umeme, za 1:87 au 1:160, au askari wa kuchezea, mpango ni uleule, badilisha tu namba za rafu.

Kuzitenga hizo chembe hakuhitaji mashine. Chukua kipande cha chandarua kilichochanika, chujio la chai na soksi ya nailoni ya kike. Mwaga mchanga kwenye chandarua kwanza, kinachobaki juu ni mawe. Kilichopita kipitishe kwenye chujio la chai, kinachobaki hapo ndo chenga, nzuri kwa changarawe na njia za miguu. Kilichopita tena kitikise kwenye soksi na hapo unapata unga kabisa, huo ndo wa skeli ndogo na wa barabara za vumbi. Vaa barakoa tafadhali, ule unga wa mwisho unaingia puani vibaya, na usifanye mbele ya feni kama mi nilivyofanya siku ya kwanza.

Ila kabla ya kuchekecha, kausha. Hapa ndo wengi tunaliwa. Pwani hewa ina maji muda wote na ikija masika kuanzia Machi mpaka Mei ndo balaa, kitu ulichokifunga kikiwa na unyevu kidogo tu utakifungua kina ukungu na harufu ya kabati la bibi. Mchanga kama umeuchota ufukweni uoshe kwa maji baridi mara tatu nne mpaka ukionja maji hayana chumvi, maana chumvi inavuta unyevu hewani na baadae inakuja kutoka nje kama utando mweupe juu ya modeli ya watu. Baada ya hapo ukaange kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa huku unakoroga, mpaka usione mvuke. Na udongo wa shambani hivohivo, kaanga, kule kuna mayai ya wadudu usiyoyaona.

Unga wa mbao unaupata bure kwa seremala yeyote, muombe ule wa msumeno, maranda yanayotoka kwenye randa ni makubwa mno. Chekecha, changanya na rangi ya maji ya kijani na kahawia kidogo (kijani kitupu kinafanana na zulia la ukumbi wa harusi), kamua, tandaza juu ya bati juani siku mbili au tatu ukigeuzageuza. Kujua kama imekauka kweli, usiamini vidole. Tia konzi moja kwenye chupa ya kioo, funga, iache juani saa nzima. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo kwa ndani rudisha batini. Hilo jaribio dogo limeniokoa mara nyingi kuliko dawa yoyote.

Sponji ya godoro nayo ni mali. Unaikatakata, unaisaga kwenye blenda pamoja na maji na rangi, unakamua, unaanika, unapata majani ya miti yanayokaribiana kabisa na yale ya Woodland Scenics ya Marekani au Noch ya Ujerumani ambayo mpaka yafike huku nauli imezidi bei. Nunua blenda ya mtumba ya kazi hiyo peke yake. Usitumie ya nyumbani. Sitaki kulielezea hili zaidi, mama mwenye blenda bado ananikumbusha kila Ramadhani ikifika wakati wa juisi ya maembe.

Alafu kuna kosa la vyakula. Kuna watu wanatumia dengu kama mawe, mchele kama tofali, uwele kama kokoto, na kwa picha vinatoka poa sana. Mwaka fulani nilitumia uwele kwenye maegesho ya magari ya modeli ya mwanafunzi mmoja, uliobaki nikautia kopo moja na unga wangu wa mbao. Baada ya wiki chache kopo likawa linatembea lenyewe, fukusi wamejaa, na vibaya zaidi ata kwenye modeli walikuwepo, walitokea maegeshoni mchana wa yeye kuwasilisha kazi mbele ya walimu. Tangu siku hiyo chochote kinacholika hakiingii kwenye rafu zangu. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika nayakubali kwa sababu yanafaa mno kwa majani makavu chini ya miti, ila nayakaanga mpaka yakatike vidoleni na yanakaa kopo lake peke yake.

Tukija kwenye vyombo, hapa usitumie hela. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya walitangulia Agosti 2017, kwa iyo ile tabia ya kufunga nyasi kwenye rambo na kupiga fundo imekufa na mi sijasikitika, maana fundo halizuii unyevu na panya anatoboa akiwa amelala. Makopo ya siagi ya karanga ndo bora kwangu, yana mdomo mpana, unaona ndani, na kifuniko kinabana. Makopo ya aiskrimu ya lita mbili ni kwa vitu vyepesi vya wingi kama sponji. Vikopo vya viungo vya jikoni vyenye matundu juu usivitupe kabisa, osha, kausha, hivyo ndo vya kunyunyizia unga na nyasi moja kwa moja, ila ziba matundu kwa masking tepu ukimaliza, mende anapita pale. Chupa za maji zinafaa mchanga tu, kwa mdomo wake mwembamba ukitia sponji humo kuitoa ni kuchana chupa.

Ndani ya kila kopo la nyasi na unga wa mbao weka kile kipakiti cha silika kinachokuja kwenye boksi la viatu. Waombe wauza viatu, wanatupa kila siku. Zikishanyonya maji zinachoka, kwa iyo mwaga zile shanga zake kwenye trei ya bati uziweke kwenye oveni moto wa nyuzi kama 120 saa mbili hivi zinarudi kazini, kile kikaratasi chake usikiweke humo kisije kuungua. Wapo wanaoweka mchele badala ya silika. Fukusi, nimeshasema.

Lebo. Usiandike "kijani". Andika skeli, ukubwa (unga, chenga, mawe), rangi ulizochanganya na kwa kiasi gani, na tarehe. Alafu juu ya kifuniko paka gundi kidogo na unyunyizie kilichomo ndani, kikauke hapohapo. Hii watu wanaona kama mbwembwe, lakini unga ukikutana na gundi unakolea, rangi unayoiona koponi sio utakayoiona kwenye modeli, sasa kifuniko kinakuonyesha ukweli bila kufungua kopo. Na makopo ya vitu ulivyovipaka rangi yasikae dirishani. Jua la jioni lilinifulia nyasi nzima ya rafu ya kati mpaka ikawa rangi ya majani ya Dodoma mwezi wa kumi, nikaweka pazia.

Miti usiilaze. Mti wa waya na sponji ukirundikwa na wenzake unatoka umebonyea upande mmoja na majani nusu yamebaki chini ya boksi. Chukua kipande cha ile fomu nyeupe inayokuja na TV mpya, kiweke chini ya boksi la viatu, chomeka shina la kila mti lisimame, kila boksi skeli moja, na ubavuni andika urefu wa miti na idadi. Idadi ni muhimu, mteja akitaka miti 60 na una 41 ujue leo, usijue kesho saa nne usiku. Minazi iliyotengenezwa kwa manyoya ya kuku nayo chomeka hivohivo ila boksi lake lifungwe vizuri maana wadudu wanakula manyoya, na usije ukaweka vidonge vya nondo, naftalini, pamoja na fomu au plastiki ngumu, mvuke wake unalainisha polistirini, ndo hiyo fomu yenyewe, taratibu, utakuta fomu imekunjamana na kunata. Thina, petroli na rangi za kupuliza nazo zikae mbali na fomu, ikiwezekana nje ya chumba unacholala.

Katani kata vipande vya sentimita 15 hivi, chana kwa kitana, laza nyuzi zote upande mmoja, funga mkungu kwa uzi na uutie kwenye bomba la karatasi la katikati ya tishu. Siku ya kazi unakata ncha tu kwa mkasi, milimita 3 au 4, unachomeka kichaka. Ukiitupia koponi ovyo inajisokota na hutaifungua tena. Dodoki halina masharti, ukishalikausha liweke popote.

Gundi nazo ni sehemu ya mazingira, bila gundi una makopo ya vumbi tu. Gundi nyeupe ya mbao usiichanganye na maji mpaka siku ya kutumia, ukiihifadhi ikiwa na maji inavunda. Supagluu adui yake ni unyevu, unyevu ndo unaoigandisha, kwa iyo ikishafunguliwa isimamishe ndani ya kopo lenye silika na ubane kifuniko. Ambazo hazijafunguliwa zinaweza kukaa friji, ila ukizitoa ziache zipate joto la chumba kwanza kabla ya kufungua, la sivyo maji yanatonea ndani. Na wanaotumia epoksi kwa maji ya mabwawa, ile inayokuja chupa mbili unazozichanganya ndo igande, zile chupa piga alama kubwa kwenye chupa NA kwenye kifuniko, ukibadilisha vifuniko mara moja tu shingo inaganda na hutaifungua milele. Ninayo moja hapa, nazuilia mlango.

Kila masika ikiisha nafungua makopo yote, nanusa, kinachonuka kinarudi batini. Na yale mabaki, ile mchanganyiko inayobaki mezani ukifagia, unga na chenga na nyasi na majani ya chai vyote pamoja, zamani nilikuwa namwaga. Siku moja nikajaribu kuinyunyiza kwenye kiwanja kitupu cha jirani wa jengo, ikatoka inafanana na kiwanja cha kweli kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Sasa ina kopo lake. Halina skeli wala tarehe, nimeandika tu VURUGU, na ndo linaloisha haraka kuliko yote.