Namna ya Kupinga Jambo Ndani ya Bunge la Kaunti, Malindi

Bunge la Kaunti ya Kilifi huketi Malindi, na kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka vikao vyake na vya kamati zake vifanyike hadharani, isipokuwa Spika aone kuna sababu ya haki ya kuuzuia umma. Kuingia, basi, ni haki yako.

Kabla ya kuingia, andikeni ombi rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hiyo, mradi jambo liwe ndani ya mamlaka ya bunge hilo. Wavuvi wanaolalamikia diko (mahali pa kuteremshia samaki) lisilo na barafu waeleze shida yenyewe, hatua walizokwisha kuchukua na wanachotaka kifanywe, watie sahihi, kisha wamkabidhi karani wa bunge na wasiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri wenye tarehe, kwa kuwa karatasi isiyo na muhuri ni rahisi mno kupotea.

Siku ya kikao, nendeni wengi, mapema, mkae mlipoelekezwa. Siwa, yaani rungu la mamlaka ya bunge, ikiingia, simameni. Kupiga makofi, kuzomea, kukunjua bango au kurusha karatasi kunavuruga kikao, na kuvuruga kikao ni kosa kisheria. Lakini roshani iliyojaa watu walionyamaza humfikia mwakilishi wadi anayejua kura zake zinatoka wapi. Kina mama wanaweza kuvaa leso za aina moja. Ikiwa jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni kali, muulizeni kwanza mpambe wa bunge, afisa anayesimamia utaratibu, maana huenda likachukuliwa kuwa bango. Hoja ikipita msivyotaka, inukeni pamoja mtoke kimya. Mkiamriwa kutoka, tokeni bila kushikana na askari.

Anayetaka kupaza sauti afanye hivyo nje, ambako kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda maandamano ya amani yasiyo na silaha. Mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika Bunge la Taifa jijini Nairobi, sehemu ya jengo ikachomwa, na vijana wakauawa kwa risasi. Hakuna kosa la mwandamanaji linalohalalisha vifo vile, na mipaka ya sheria inamfunga polisi kama inavyomfunga raia.

Baada ya kikao, rudini kwa karani na ile nakala yenu, mmuulize ombi limepelekwa kamati ipi na mtasikilizwa lini.